Mitarakwa Iliyoachwa Imesimama

Kijiti kilikuwa kikikwaruza ndani ya kibuyu. Kilikwaruza, kikanyamaza, kikakwaruza tena polepole, kama mkono unaokishika hautaki kumwamsha mgeni. Sajini Adero alifungua macho. Nje kulikuwa bado giza. Alijikuta amelalia kitanda cha mwenye nyumba, amefunikwa mablanketi mawili, na mwenye nyumba mwenyewe ameketi kando ya moto na leso moja tu mabegani.

"Mama, wewe umelala wapi?"

"Nimelala."

"Wapi?"

"Mtu mzima halali sana, binti. Wewe ndio ulifanya kazi. Funga macho kidogo, chai haijachemka."

Adero aliamka, akakunja mablanketi. Jana jioni Landrova ya polisi ilikuwa imekwama kwenye tope la Kabazi, na mlango uliofunguliwa kwanza ulikuwa wa Mama Chepkosgei. Mume wa mama huyo, Mzee Kipsang, alikuwa rumande Nakuru kwa shtaka la kuchoma msitu wa mitarakwa ulio juu ya kijiji. Adero alikuwa ametumwa kutafuta ushahidi wa kumfunga. Mama alijua hivyo. Alikuwa amempikia hata hivyo, na konstebo Waithaka, aliyelala ndani ya gari, alikuwa amepelekewa ugali na jiwe la moto limefungwa kwenye gunia la kupashia miguu.

"Mzee anakunywa nini huko?" Mama aliuliza, bado anasugua kibuyu kwa majivu ya mkaa.

"Uji."

"Na maziwa?"

"Hapana, mama."

"Hawezi kumaliza kukohoa bila maziwa." Alichukua chungu, akamimina mursik, maziwa yaliyogandishwa, ndani ya kibuyu bila kumwaga hata tone. "Wakubwa wako watakubali?"

"Nitampa kwa mkono wangu."

Mama alifunga kifuniko kwa kamba ya ngozi. Adero alipewa kikombe cha chai, akakishika kwa mikono miwili. Kulikuwa na jambo moja lililomsumbua tangu jana, alipopandishwa na Kipkemei, mwana wa kiume wa pekee wa nyumba hii, ambaye ni askari wa msitu, mpaka mahali palipoungua.

"Mama, kule juu kumebaki visiki na majivu. Lakini katikati imesimama mitarakwa mikubwa, huu hapa, mwingine kule. Imeungua magome tu. Kila mmoja uko na mizinga ya nyuki."

"Hiyo ni ya mzee. Hukuona alama yake kwenye mizinga? Mikato miwili na tundu."

"Niliona. Ni nani huishusha wakati wa asali?"

"Yeye peke yake."

"Na Kipkemei?"

Mama alicheka kwa mara ya kwanza. "Ai! Baba akiwa hai, mtoto hashushi mzinga wake. Hagusi hata mti. Ni kama kumwambia baba, wewe umekwisha kufa. Mwaka jana mzee akiwa na mguu mbovu, asali ilijaa mpaka ikatiririka kwa shina. Watu wengine wanamwambia Kipkemei, panda tu, inaharibika. Akakataa kabisa. Anapita hapo kila siku akienda kazi, hata kidole halambi. Huyo mtoto ana heshima, binti. Nilizaa mmoja tu wa kiume, lakini nilizaa mzuri."

Adero alikunywa chai yake yote.

Kulipokucha, wanaume watatu wa jirani walikuja bila kuitwa, wakasukuma Landrova mpaka ikatoka topeni. Waithaka aliwashukuru, akapanda na matope hadi kiunoni.

"Sajini, ng'ombe wa huku wanastahili leseni ya kuendesha," alisema. "Kupita hii barabara ni kazi ya serikali."

"Endesha, Waithaka."

Waliteremka kuelekea Subukia. Kibuyu kilikuwa mapajani mwa Adero.

"Mimi nasema ni watu wa kiwanda cha mbao," Waithaka alisema. "Mtarakwa ni pesa. Wanakata, halafu wanachoma kuficha visiki. Huyo mzee alipita tu na moshi wake wa kutoa asali, akashikwa."

"Mwenye kiwanda anakata mti gani kwanza?"

"Mkubwa."

"Ile mikubwa kuliko yote ndiyo imesimama."

Waithaka alifikiri mpaka wakavuka mto. "Basi ni mzee mwenyewe. Ameacha miti yake. Mkubwa wetu alisema hivyo hivyo."

"Mkubwa wetu alisema," Adero alijibu, akatazama nje.

Mkubwa wao alikuwa amesema mengine pia. Alikuwa amempa picha iliyotoka Nairobi, iliyopigwa na chombo kinachozunguka dunia juu angani, setilaiti, akaigonga kwa kidole. "Angalia hii nyekundu yote. Huyo mzee amechoma mlima mzima." Sasa Adero alikuwa ameagizwa apitie kwa Bi. Vidya, mchora ramani aliyetengeneza picha hiyo, aandikishe maneno yake kwa ajili ya korti siku ya Alhamisi.

Bi. Vidya alifanya kazi katika chumba cha juu ya duka la vitambaa, karibu na soko la Nakuru. Alikuwa mwanamke mwembamba, amevaa sari na sweta la kiume lililotoboka kiwiko. Meza yake ilijaa ramani mpaka hapakuwa na mahali pa kuweka kikombe, kwa hiyo alimwekea Adero chai juu ya kiti na yeye mwenyewe akabaki amesimama.

"Kaa, dada. Hapo juu ya mto wa kukalia. Unaonekana umelala vibaya."

"Nimelala vizuri. Mtu mwingine ndiye hakulala." Adero alitoa picha. "Nataka tu uniambie mlima umeungua kiasi gani. Nyekundu inaanzia hapa mpaka hapa?"

Vidya aliinua miwani. "Nyekundu imeungua? Nani anasema?"

"Mkubwa wangu."

Vidya alicheka, kisha akamwona Adero usoni, akaacha. "Dada, kuna mtu ameshikwa kwa hii maneno?"

"Mzee mmoja. Yuko rumande."

"Mungu wangu." Akavuta taa ya mezani. "Sikiliza. Hicho chombo kinaona mwanga ambao macho yetu hayaoni. Majani mabichi yanarudisha huo mwanga kwa wingi sana. Sisi tunaupaka rangi nyekundu ndio tuuone. Mahali pekundu zaidi ndipo penye uzima zaidi. Hii nyekundu yote ni miti iko hai. Ndiyo napigania. Napeleka hizi picha Nairobi niwaambie, angalieni, huu msitu bado upo, wekeni mpaka, uchungeni kabla haujaisha."

Adero aliinamia picha. Mlima wote aliotoka asubuhi ulikuwa mwekundu kama ini. Katikati palikuwa na doa lililopauka, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji.

"Na hapa?"

"Hapo hakuna msitu tena."

"Hapo ndipo palipoungua."

"Hapana." Vidya alifungua droo, akatoa picha nyingine, akaziweka bega kwa bega. "Hii ni ya Januari mwaka jana, sabini na tano. Unaona? Doa hakuna. Hii yako ni ya Januari mwaka huu. Doa lipo. Moto ulikuwa lini?"

"Mwisho wa Februari."

Adero aliziinamia picha zote mbili. Chini, mwenye duka alikuwa akipima kitambaa na kumsifia mteja rangi yake.

"Haliwezi kuwa wingu?" Adero aliuliza.

"Swali zuri. Wingu lina kivuli. Hili hapa ni wingu, na kivuli chake kimeanguka upande huu. Lile doa halina kivuli."

"Haliwezi kuwa moto mwingine, wa zamani?"

"Majivu yangekuwa meusi. Huu ni udongo na nyasi kavu na miti imelala chini. Siku chombo kilipita, miti ilikuwa imekwisha kukatwa."

"Kukata mahali kama hapo kwa msumeno wa mkono ni kazi ya muda gani?"

"Kila kitone kidogo hapa ni karibu uwanja wa mpira, dada. Hesabu viwanja. Ni kazi ya miezi, na watu zaidi ya mmoja."

"Mti mmoja ukiachwa umesimama, unaonekana?"

"Mti mmoja hauonekani. Mtu pia haonekani." Vidya alikunja picha mbili pamoja, akamkabidhi. "Zote mbili uchukue. Nitakuja kortini mwenyewe kama mnanitaka. Na huyo mzee ana blanketi? Rumande kuna baridi." Kabla Adero hajajibu, Vidya alikuwa amevua sweta lake na kumpa.

Kabla ya kwenda rumande walipitia Bondeni, katika nyumba za baraza la mji, alikokuwa akiishi Chelagat, binti wa Mzee Kipsang. Waliikuta biashara yake ya mboga mlangoni. Alitoka akifuta mikono.

"Baba yangu alikaa hapa kuanzia Septemba," alisema. "Aliteleza, mguu ukavunjika, akapigwa plasta. Uliza mtu yeyote. Majirani walipokezana kumbeba mpaka choo cha nje, hata yule mzee Shabir wa viatu, na mgongo wake ulivyo. Alirudi nyumbani Februari ikiwa imeanza."

"Wakati huo Kipkemei alikuwa akija?"

"Mwanzoni kila Jumapili. Halafu akaacha. Akasema kazi ya msitu imekuwa nyingi."

Adero alimshukuru.

Mzee Kipsang aliletwa katika chumba cha mahojiano akiwa amejishika ukuta. Alikuwa mrefu, mabega yamekonda, mguu mmoja haukunjiki vizuri. Alipoona kibuyu alikinusa kabla ya kukishika.

"Ni mkono wake," alisema. Alikunywa kidogo tu. Kisha akamwita kijana wa rumande aliyekuwa akifagia ukumbini, akamnywesha, akafuta mdomo wa kibuyu kwa kiganja. "Huyo analia usiku. Hana mtu."

"Mzee, nataka tuzungumze habari ya moto."

"Nilikwisha sema. Mimi nilichoma. Andika."

"Ulichoma kwa nini?"

"Nilikuwa natoa asali. Moshi ikanishinda."

"Ulikuwa unatoa asali ya mzinga gani?"

"Ya mzinga wangu."

"Mizinga yako yote nimeiona jana, mzee. Hakuna hata mmoja uliofunguliwa."

Mzee alikohoa muda mrefu. Adero alisubiri, akamtandikia sweta la Vidya mabegani. Mzee hakuuliza limetoka wapi. Alilishika kifuani.

"Msitu ulikuwa umekatwa kabla ya moto," Adero alisema. "Ulikatwa wewe ukiwa Bondeni na plasta. Nina picha mbili na nina ushahidi wa majirani."

"Picha haijui kitu."

"Picha haijui ni nani, hiyo ni kweli. Lakini nimeiona miti iliyoachwa. Mgeni angekata hiyo kwanza, na asali angekula. Wewe ungekuwa unataka kuchoma, ungeshusha mizinga yako kwanza. Hakuna mwenye nyuki anayeacha nyuki wake waungue. Amebaki mtu mmoja ambaye anaweza kukata kila kitu na hawezi kugusa hiyo."

"Usiseme."

"Mzee..."

"Usimtaje hapa ndani." Alitazama mlango. Aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Nilipanda kuangalia mizinga. Nikakuta moto. Nikavunja matawi, nikapiga, nikapiga, ndio wakanikuta nayo mkononi. Halafu moshi ikaondoka kidogo, nikaona imesimama ile yangu tu. Yote imesimama. Hapo nikajua. Nililia, binti. Anaharibu, na katikati ya kuharibu bado ananiheshimu. Ningefanya nini na mtoto kama huyo?"

"Alhamisi watakufunga. Hiyo kifua haitamaliza miaka huko."

"Kifua ni yangu. Yeye ana watoto wadogo. Mimi nimekwisha kula maisha. Wewe nyamaza tu, mimi nitanyamaza, kazi imekwisha."

"Siwezi kusimama niape kwamba ni wewe, na najua si wewe."

Mzee hakukasirika. Alifunga kibuyu kwa kamba yake ya ngozi, akamrudishia.

"Basi nifanyie moja. Mama yake usimtumie askari. Mwambie wewe. Mwambie amekaa chini."

Walifika Kabazi mchana jua likiwa kali, tope limeanza kukauka. Kipkemei alikuwa nyuma ya nyumba, bado na sare zake za kazi, anampasulia mama yake kuni. Alikuwa amepanga rundo refu, kila kipande kimekatwa kifupi, saizi ya mkono wa mwanamke mzee. Alisimama vizuri alipomwona Adero.

"Karibu, Sajini. Mzee yuko namna gani?"

"Anakohoa."

"Pole sana. Huo moto umetuharibia jamaa yote."

"Kabla ya moto, Kipkemei, nani alikata?"

"Kukata? Miti iliungua ikaanguka."

"Januari kulikuwa na uwazi. Moto ulikuwa bado."

"Nani aliona? Huko hapandi mtu isipokuwa mimi."

"Kilichoona kilikuwa juu."

Kipkemei alitazama mbingu. Hapakuwa na kitu, hata wingu. "Juu wapi?"

"Juu kabisa. Picha ninayo kwenye gari."

"Basi ni watu wa mbao. Wanakuja na malori, sisi askari wa msitu hatuna hata baiskeli. Wananipita."

"Wamekata kila kitu wakaacha miti ya mizinga?"

"Hiyo singeweza," Kipkemei alisema.

Shoka lilikuwa limeinuliwa nusu. Alilishusha polepole, akaliegemeza kwenye rundo la kuni.

"Endelea," Adero alisema.

"Nilitaka shamba." Alikaa juu ya gogo. "Mashamba ya wazungu yakigawiwa huku Subukia, niliuliza. Wakaniambia, nyinyi mna msitu. Msitu gani? Nimechunga hiyo miti tangu niko kijana, haijanipa hata mstari mmoja wa mahindi. Nina watoto. Nikaona nikisafisha mahali, nikipanda, mvua ikinyesha, nani atang'oa mahindi imeota? Nikaita watu wa msumeno. Mzee alikuwa Bondeni, nikaona afadhali asione. Halafu nikawasha kidogo, niunguze matawi tu. Upepo ukageuka."

"Baba yako alipanda kuuzima."

"Niliambiwa jioni."

"Na tangu hapo?"

"Nilikuwa naenda kusema."

"Lini?"

"Kila siku, Sajini. Nafika mpaka barabara, narudi."

Adero aligeuka kwenda kutimiza agizo la mzee, amkalishe mama chini. Lakini Mama Chepkosgei alikuwa kwenye kona ya nyumba, ameshika vikombe viwili vya chai alivyokuwa akiwaletea. Aliviweka chini kwa uangalifu, kimoja, kisha kingine. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na koti zito la mumewe. Alimvisha mwanawe kama mtoto wa shule, akafunga kila kifungo mpaka shingoni. Kipkemei alisimama, mtu mzima mwenye sare, akainua kidevu ili mama apate kufunga cha mwisho.

"Umekula?" mama alimuuliza.

"Ndiyo."

"Hujakula."

Waithaka alikuwa amekuja na pingu. Alimtazama mama, akazirudisha mfukoni. "Atakaa mbele na mimi," alisema. "Mbele hakurushi sana."

Kipkemei alikwenda naye bila kugeuka nyuma. Mama alisubiri mpaka mlango wa gari ukafungwa, ndipo akamwambia Adero, "Ni mimi nilikuambia mambo ya mizinga."

"Ilianza na picha, mama. Na kuapa uongo mimi nisingeweza."

"Ni mimi. Nilikuwa namsifu." Alijishika mkono wa kushoto kwa mkono wa kulia, kama anayemzuia mtu mwingine. "Mzee atarudi?"

"Korti ikisikia haya Alhamisi, nitamleta mwenyewe."

"Atarudi, lakini namjua. Hatalitaja hilo jina ndani ya nyumba hii. Atakaa hapo kwa moto, atanyamaza, na mimi nitanyamaza, mpaka tuzikwe. Chelagat naye atakasirika na ndugu yake. Majirani wataona aibu kuniuliza. Nitamtaja na nani?"

Gari lilikuwa limekwisha washwa, na ndani yake kichwa cha Kipkemei kilikuwa kimeinama.

"Wewe ndio ulikaa nikimsifu asubuhi ukanywa chai yote," Mama Chepkosgei alisema. "Uje tena, binti. Hata kama huna kazi huku. Uje unikalie kidogo, nikuambie vile alikuwa akiwa mdogo."